Huu mmea hauna kiu

Nataka kuandika habari za ule mmea wa pale mapokezi kabla sijasahau vile mambo yalivyokwenda, manake umenikaa moyoni muda mrefu. Ofisi yetu iko hapa Malindi, si mbali na bahari, chumba kina kiyoyozi kinanguruma kutwa na dirisha lenye pazia zito, na kwenye kona ndo imekaa zizii, ile yenye majani manene yanayong'aa. Jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia.

Mie mmea huu naupenda kwa sababu ni wa kwetu. Watu wanauona mahotelini na maofisini wanadhani umetoka ng'ambo, kumbe asili yake ni Afrika Mashariki, kuanzia Kenya kushuka Tanzania na Zanzibar, Msumbiji, mpaka KwaZulu-Natal kule Afrika Kusini. Wazungu waliuandika vitabuni mwao tangu 1829 lakini ulikaa bila umaarufu hadi miaka ya 1990, vitalu vya Uholanzi vilipoanza kuuzalisha kwa wingi ndo ukaenea dunia nzima. Sasa mmea wa pwani uje ufie Malindi, mbele ya macho ya watu wa pwani? Hilo lilinikera kwelikweli.

Ulianza majani ya chini kugeuka manjano, halafu yale mashina marefu yakaanza kulala upande. Kila anayepita anasema maskini una kiu huu, anamimina. Bi mkubwa anayetufagilia anamwagia asubuhi, dada wa mapokezi anamalizia maji ya chupa yake, mlinzi akija kuchaji simu hatoki bila kuupa kikombe. Wote ni huruma na siwalaumu, kwa sababu mmea uliozidiwa na maji juu unaonekana vilevile na uliokosa maji. Mizizi inataka hewa, udongo ukishiba maji muda wote hewa haina pa kukaa, mizizi inaoza, na mzizi uliooza hauwezi kufyonza tena, kwa hivo juu majani yanalegea wakati chini kumejaa maji tele. Mtu akiona vile anazidi kumwaga.

Nikaenda na picha kwenye simu kwa mzee mmoja ana kitalu cha miche njia ya kwenda Gede. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, akaitazama kidogo tu akauliza, chungu kina tundu? Hakuuliza mbolea wala jua. "Kaunuse udongo mwanangu, ukiwa umeoza utajua mwenyewe."

Kweli. Chungu cha nje ni cha kaure, kizuri cha bluu, hakina tundu hata moja, na ndani kile cha plastiki cha kitaluni kimekaa kwenye maji yaliyosimama yananuka. Juu vijidudu vyeusi vidogo vinarukaruka, hivo hupenda udongo usiokauka. Na ukingoni kuna ukoko mweupe, kwa sababu bomba likikatika tunatumia maji ya kisima, na visima vingi vya huku karibu na bahari vina chumvi. Ncha za majani zilikuwa za kahawia kwa ajili ya hiyo chumvi, umanjano ndo wa maji mengi, yaani maradhi mawili kwa mpigo.

Wikendi nikautoa wote uani chini ya mwarobaini, glavu mkononi, utomvu wake unawasha, na watoto na paka wasiutafune kabisa. Zizii chini ina viazi vya kuweka akiba ya maji, ndo maana porini ukame ukizidi inapukutisha vijani vyake inabaki na viazi ardhini, mvua ikirudi inachipua. Mmea ulioumbwa hivo maji ya kila siku ya nini jamani? Nikabonyeza kimoja kimoja, vigumu nikaviacha, vilivyolainika nikavikata kwa kisu nilichokipitisha motoni, nikakata mpaka nikafika palipo safi. Halafu nikaviacha vidonda vikauke kivulini kwanza. Hapa watu huwa na haraka, wanapanda kidonda kingali kibichi na uozo unarudi palepale.

Udongo mpya ni mchanga wa mto mwingi, sio wa ufukweni, chenga za makaa, makumbi ya nazi yaliyoloekwa yakasuuzwa, na udongo mweusi kidogo. Chungu cha udongo chenye tundu, tena kidogo, manake chungu kikubwa kinashika maji ambayo hakuna mzizi wa kuyanywa. Nikausogeza karibu na dirisha mbali na upepo wa kiyoyozi, kwa sababu giza unalivumilia lakini gizani unakunywa polepole mno.

Kazi kubwa ilikuwa kuongea na bi mkubwa. "Mwanangu, kitu kina uhai kikae bila maji?" Nikamwambia mama chomeka kidole mpaka hapa, kikitoka na unyevu tunauacha. Akachomeka, akanyamaza, akachomeka tena kesho yake. Sai ndo yeye mlinzi wake, mtu akikaribia na kikombe anaulizwa anaenda wapi, na mie roho inatulia nikiwa sipo.

Wiki nyingi hakikutokea kitu, kisha kikachomoza kichipukizi kimoja cha kijani changa kabisa, nilifurahi nikaita ofisi nzima. Vijani vizima vilivyodondoka nimevichomeka kwenye mchanga, kila kimoja kinaweza kuwa mmea ila kinatengeneza kiazi kwanza na inachukua miezi, kwa hivo nimeomba hakuna kuving'oa kuangalia. Shina moja kubwa bado limeinama, nimelifunga na kijiti, sitalikata maadamu ni la kijani linalisha viazi. Mvua za masika zikianza nitakinga ndoo mbili tatu ziwe za mmea peke yake, maji ya kisima basi.