Baba Ndani ya Kinu cha Kennecott

Julai ya mwaka wa pili tangu baba ajiunge nasi Anchorage, nilimpeleka Kennecott, mgodi wa zamani wa shaba, kwa sababu niliona si haki mtu aliyefanya kazi ya shaba miaka 22 kule Katanga aishi Alaska bila kuuona mgodi ule. Kutoka Chitina barabara ni ya changarawe, karibu kilomita 100, nayo imefuata tuta la reli iliyokuwa ikipeleka shaba bandari ya Cordova tangu mwaka 1911.

Mbele ya majengo mekundu vilijipanga vilima vya kijivu. “Kifusi chote hiki walikitoa chini?” baba aliuliza. Mwongozaji alieleza kwamba ule ni mto wa barafu uliofunikwa na mawe, wala si taka za mgodi.

Kinu kina ghorofa 14, kimeuegemea mlima, nasi tulianzia juu, mahali ambapo mawe yaliingia kwa ndoo zilizoning’inia kwenye nyaya, kisha yakateremka ghorofa baada ya ghorofa yakipondwa na kuchujwa. Tulipofika kwenye meza za kutikisa, baba hakumngoja mwongozaji. Alipitisha kiganja juu ya mbao zilizolika, akanionyesha upande ilipotokea shaba nzito na upande maji yalipochukua mchanga, na yule kijana akanyamaza ili nimtafsirie.

“Watu wake walikwenda wapi?” baba aliuliza mwishowe. Aliambiwa kwamba treni ya mwisho iliondoka Novemba 1938, na mji ukabaki karibu mtupu.

“Wao walipata treni,” akasema.

Mgodi wetu uliposimama nilikuwa na miaka 9. Hakuna aliyetuambia tuhame, wala kwamba mshahara hautarudi, na baba aliendelea kwa miezi mingi kuvaa kofia yake ya kazi kila alfajiri na kwenda kusimama langoni. Hayo niliyajua kwa mama tu. Baba mwenyewe hakuwahi kuyataja, na mimi kama mwanawe sikuthubutu kumwuliza. Siku ile, akiteremka ngazi za mbao huku ameshika bega langu, aliyasimulia yote: walikuwa wangapi pale langoni, nani alikuwa wa kwanza kuacha kuja, na asubuhi ambayo yeye alifika akajikuta peke yake.

Tulipofikia daraja la waendao kwa miguu, tulipokuwa tumeacha gari ng’ambo, alikuwa bado anasimulia.