Nilivyochora eneo halisi la shule za msingi Bagamoyo

Kwenye ramani nyingi shule ya msingi ni nukta moja. Nukta haisemi watoto wanatoka kitongoji gani, wala kiwanja kinaishia wapi. Marekani wilaya za shule zina mipaka iliyokwisha kuchorwa, na serikali yao huitoa kama faili la ramani ambalo yeyote anaweza kulipakua. Kwetu shule za msingi za serikali zinasimamiwa na halmashauri, na eneo ambalo kila shule inahudumia unalichora mwenyewe kutoka chini: kiwanja, vitongoji, halafu njia.

Nilianza na orodha. Majina ya shule yanajirudia sana nchini (Majengo, Mwenge, Mkombozi), kwa hiyo kitambulisho kilikuwa namba ya kituo cha mtihani ya NECTA (Baraza la Mitihani), ile inayoanza na PS. Shida iko kwa shule shikizi, yaani matawi madogo ya shule kubwa (shule mama) yaliyo karibu na watoto. Hazina namba yake, na watoto wake wanahesabiwa kwenye shule mama. Ukiwaacha huko, ramani itakuonyesha watoto wa darasa la kwanza wanatembea kilomita saba kila asubuhi, kumbe wanasoma hatua chache kutoka nyumbani. Kila shikizi niliipa namba ya mama yake na herufi mbele: A, B. Kosa hili likipita, kila hesabu inayofuata imeharibika, na hakuna programu itakayokuonya.

Koordineti nazo zina makosa yake, na yanajirudia kiasi kwamba unaweza kuyatambua kwa macho. Mji wa Bagamoyo uko karibu digrii 6.44 kusini na 38.90 mashariki. Ukisahau alama ya kutoa mbele ya 6.44, shule inahamia kusini mwa Ethiopia. Ukibadilishana latitudo na longitudo, inaangukia magharibi mwa Hispania. Haya unayaona mara moja. Kosa baya ni la mtu aliyeandika digrii 6, dakika 26, sekunde 24, na mwingine akainakili kama 6.2624. Shule inasogea karibu kilomita 20 kaskazini, na ikiwa mbali na bahari bado inaonekana iko mkoani Pwani. Kosa lingine ni ramani za zamani za mfumo wa koordineti wa Arc 1960: ukizifungua kama WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS, kila kitu kinahama kama mita 300. Shule zako zote zikiwa zimehama kwa kiasi kilekile na upande uleule, tatizo ni mfumo, usihamishe nukta mojamoja.

Kabla ya kupima chochote, badilisha data kwenda UTM kanda ya 37 kusini, mfumo unaopima kwa mita badala ya digrii (namba yake kwenye programu ni EPSG 32737). Hapo mji unasomeka takriban mashariki 489,000 na kaskazini 9,288,000, vyote kwa mita. Ukichora duara la 3000 huku data ikiwa bado kwenye digrii, QGIS (programu ya ramani niliyotumia) inaelewa digrii 3000.

Kiwanja nilikizunguka kwa miguu na KoboCollect, programu ya simu ya kukusanya data. Simama kila kona hadi simu ionyeshe usahihi wa mita 5 au pungufu. Mahali pa wazi inachukua kama dakika moja. Chini ya mwembe au kando ya paa la bati simu inayumba, hivyo sogea pembeni na uandike umesogea kiasi gani. Kwa kiwanja cha mita 100 kwa 100, upande mmoja ukikosewa mita 5 eneo linabadilika mita za mraba 500, yaani asilimia 5. Inatosha kwa mipango. Haitoshi kwa mgogoro na jirani. Huko aitwe mpima ardhi atafute bikoni, zile alama za mpaka zilizopandwa ardhini.

Kwa wanafunzi sikuchukua koordineti za nyumba zao. Nyumba ya mtoto ni taarifa binafsi, na tuna sheria ya 2022 inayozilinda. Jina la kitongoji lililo kwenye daftari la uandikishaji linatosha: mwalimu mkuu anahesabu wanafunzi kwa kitongoji, kwa kila darasa, unaondoka na idadi tu. Katikati ya kitongoji usiipate kwa umbo la mpaka, maana katikati hiyo inaweza kuangukia kwenye majaruba ya chumvi. Nilitumia wastani wa mahali pa majengo kutoka Google Open Buildings, data ya majengo yaliyotambuliwa kwenye picha za setilaiti. Nyumba za makuti nyingine hazionekani humo, hivyo vitongoji vya namna hiyo nilivikagua kwa picha ya setilaiti.

Sasa njia, na hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko kwingine kote. Duara la kilomita 3 halina maana Bagamoyo. Kwa shule ya Kaole sehemu kubwa ya duara ni bahari na mikoko. Kando ya Ruvu duara linavuka mto ambao mtoto havuki. Nilichukua barabara na vijia vya OpenStreetMap (ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea), nikaongeza njia za miguu zilizokosekana, kisha nikatumia zana ya QGIS ya eneo la huduma kwa mtandao. Mtoto wa darasa la kwanza nilimhesabia kilomita 3 kwa saa, hivyo dakika 45 ni kilomita 2.25 tu, wa darasa la saba, kwa kilomita 4.5 kwa saa, anafika karibu kilomita 3.4.

Mara nyingi eneo linakatika ghafla mahali ambapo barabara inaendelea. Sababu ni mistari miwili ambayo haijagusana, pengine kwa nusu mita. Weka uvumilivu (pengo ambalo zana italihesabu kama limeungana) wa mita 1 kwenye zana, au unganisha kwa mkono. Kagua pia kila kitongoji ambacho umbali wa njia unazidi mara mbili umbali wa mstari ulionyooka: ama kuna mto, ama kuna njia ambayo hujaichora.

Mtandao niliuandaa mara mbili, wa kiangazi na wa masika. Wa masika hauna vivuko visivyo na daraja. Tofauti ya ramani hizo mbili ndiyo orodha ya vitongoji vinavyohitaji shikizi au kivuko, na ndiyo karatasi niliyoipeleka kwa afisa elimu kata kwanza.

Mipaka ya utawala ichukue kwenye sensa ya 2022. Ile ya 2012 bado inaichanganya Chalinze na Bagamoyo kama halmashauri moja.

Mwisho nilichapisha kila kata kwenye A3 na kuwapa wenyeviti wa vitongoji kalamu nyekundu. Walichofuta zaidi ni vijia: kimoja kimezibwa na ukuta wa kiwanja kipya, kingine kimeliwa na maji. Rudia kazi hiyo kila Januari, darasa la kwanza likishaandikishwa.