Kabla ya kutuma pesa Japani, fungua kalenda yao

Anayejiagizia gari Japani bila kupitia yadi za magari za Ngong Road, Nairobi, husoma karatasi ya mnada inayoeleza hali ya gari, akakagua kilomita, akapiga hesabu ya ushuru hadi shilingi ya mwisho. Kinachomponyoka ni kalenda. Anatuma pesa 28 Aprili, kisha wiki nzima anadhani katapeliwa, kumbe muuzaji kafunga ofisi.

Hiyo ndiyo Golden Week, msururu wa sikukuu za Japani mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei. 29 Aprili ni Siku ya Showa, zamani siku ya kuzaliwa ya Mfalme Hirohito. 3 Mei ni ya Katiba, iliyoanza kutumika 1947, 4 Mei ni Siku ya Kijani, na 5 Mei ni ya Watoto. Siku za katikati, 30 Aprili hadi 2 Mei, si sikukuu kisheria. Zikiangukia siku za kazi benki hufunguliwa, lakini kampuni nyingi huziunganisha na kufunga moja kwa moja. Usipime uwazi wa muuzaji kwa uwazi wa benki.

Siku ya Watoto ndiyo yenye mapambo zaidi. Nje ya nyumba hupepea koinobori, vitambaa vyenye umbo la koi, samaki anayesifiwa kwa kupanda maporomoko: mkubwa mweusi juu, wadogo chini yake. Huliwa pia kashiwamochi, andazi la unga wa mchele lenye maharagwe matamu ndani, lililofunikwa kwa jani la mwaloni. Jani haliliwi. Limechaguliwa kwa sababu jani kuukuu la mti huo halianguki mpaka chipukizi litokee, yaani ukoo haukatiki.

Sikukuu ikiangukia Jumapili, kanuni ni kama yetu Kenya: inasogezwa hadi siku ya kwanza isiyo sikukuu. Ndiyo maana mwaka 2026, 3 Mei ikiwa Jumapili, fidia inarukia Jumatano, 6 Mei. Tusilo nalo sisi ni hili: siku moja ya kazi ikibanwa na sikukuu mbili, nayo inageuka mapumziko. Septemba 2026, Siku ya Wazee ni tarehe 21 na ikwinoksi, siku ambayo usiku na mchana hukaribia kulingana, ni 23, basi 22 iliyo katikati nayo ni mapumziko.

Ikwinoksi zenyewe, ya Machi na ya Septemba, hazina tarehe ya kudumu. Serikali hutangaza za mwaka unaofuata kila mwanzo wa Februari, baada ya wanaastronomia kupiga hesabu, kwa hiyo kalenda ya miaka mitano mbele inakisia. Watu huenda kusafisha makaburi ya wazazi na kupeleka ohagi, mviringo wa wali uliopakwa maharagwe.

Majina nayo yanaficha. Siku ya Shukrani kwa Kazi, 23 Novemba, ni niinamesai ya kale, Mfalme anapotoa mchele mpya kwa miungu. Sheria ya 1948 ilibadili jina, na ibada bado inafanyika ikulu. 3 Novemba, Siku ya Utamaduni, ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Mfalme Meiji. Aliyeiona 10 Oktoba yetu ikitoka Moi kwenda Huduma, Utamaduni, sasa Mazingira, hatashangaa. Tena tarehe hiyohiyo ilikuwa Siku yao ya Michezo hadi 1999, kwa heshima ya kufunguliwa kwa Olimpiki ya Tokyo 1964, ambako mwanariadha Wilson Kiprugut aliiletea Kenya medali yake ya kwanza.

Mitego mikubwa haimo kabisa katika orodha ya sikukuu 16. Obon, roho za wahenga zinaporudi nyumbani, huwa kama 13 hadi 16 Agosti, na kwa kuwa Siku ya Milima ni tarehe 11, wengi hufunga wiki nzima. Mwisho wa mwaka sheria inaitambua 1 Januari tu, ila benki hufungwa 31 Desemba hadi 3 Januari, na ofisi za serikali tangu 29 Desemba, zikiwemo zinazotoa cheti cha kufuta usajili wa gari. Kama gari lako ni la mwaka unaofikia ukomo wa miaka minane wa kuingiza gari Kenya, lazima lishuke Mombasa kabla ya 31 Desemba kupita. Hesabu kurudi nyuma, Desemba usiitie kwenye mpango.

Na saa: benki zao hufunga huduma za kaunta saa tisa alasiri, ambayo Nairobi ni saa tatu asubuhi. Pesa uliyotuma adhuhuri mkesha wa sikukuu, muuzaji ataanza kuitafuta baada ya sikukuu kuisha.