Vipima hali ya hewa vya bustani: nilivyovichagua kwa jua la Dar es Salaam

Themometa nyingi za urembo zimetengenezwa kwa ajili ya bustani za Ulaya, na karatasi yake husema uifunge ukuta wa kaskazini. London ni sawa. Dar es Salaam, karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri huupiga ukuta wa kaskazini tangu mwanzoni mwa Machi hadi mapema Oktoba, kisha huhamia ukuta wa kusini. Hakuna ukuta wenye kivuli mwaka mzima.

Kwa hiyo yangu nimeifunga kwenye nguzo ya mbao, mita 1.5 kutoka ardhini, juu ya nyasi na mbali na zege. Juu yake kuna kijipaa cha sentimita 40 kwa 40 kilichopakwa rangi nyeupe, na ubavuni, mashariki na magharibi, kuna vibao vilivyolala mshazari, kwa kuwa jua la asubuhi na la jioni hupenya chini ya paa. Kati ya themometa na nguzo nimeacha upenyo wa sentimita 3 ili hewa ipite. Bila hayo, unasoma joto la bati lake, si la hewa.

Nilichagua ya spiriti, yaani pombe yenye rangi ndani ya mrija wa kioo, badala ya ile ya mshale. Mshale huzungushwa na utepe wa metali mbili uliojikunja, na upepo wa chumvi ukiutia kutu, mshale hukwama. Kabla ya kufunga, ijaribu: ponda barafu, tia maji kidogo, zamisha tungi lake kwa dakika 5. Isome 0. Ikikosea nyuzi 2, mara nyingi mrija wa kioo umeteleza juu ya ubao wa namba. Usogeze mpaka 0 ilingane, kisha ugundishe. Uzi wa spiriti ukiwa umekatika njiani, isimamishe na uzamishe tungi kwenye barafu yenye chumvi hadi uzi wote urudi chini.

Ule mrija mpana wa kioo wenye vitufe vya rangi vinavyoelea ni mzuri sana kwa macho, lakini mingi husoma nyuzi 18 hadi 26 tu. Mchana wa Dar vitufe vyote vimelala chini. Uache dukani, au uuweke chumba chenye kiyoyozi.

Barometa, yaani kipima mgandamizo wa hewa, sikununua, na ningemshauri mwenye bustani ya pwani afanye hivyo hivyo. Maneno ya usoni mwake, "mvua" na "kweupe", yanategemea mawimbi makubwa ya mgandamizo wa hewa ambayo huku hayapo. Huku mgandamizo hupanda saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, ukashuka saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri, hektopaskali 2 au 3 tu, mvua inyeshe isinyeshe. Arusha tatizo ni jingine: kwenye mita 1,400 mgandamizo ni kama hektopaskali 860, na nyuso nyingi zinaishia 960. Mshale unagota mwisho wa namba.

Kipima mvua ndicho kinachonifaa kuliko vyote, maana milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, nami najua kama mchicha unahitaji kumwagiliwa. Mirija ya urembo niliyoiona inaishia milimita 40, na siku ya masika inaweza kupita 50. Nilichukua faneli yenye mdomo wa kipenyo cha sentimita 16, nikaiweka juu ya dumu la lita 5 lililofichwa ndani ya chungu cha udongo. Mdomo huo una eneo la sentimita za mraba 201, hivyo kila mililita 20 ni milimita 1: bomba la sindano la mililita 20 likijaa mara 7, imenyesha milimita 7. Umbali wake kutoka kwenye mti au ukuta uwe angalau mara mbili ya urefu wa kizuizi hicho. Pima saa 3 asubuhi kila siku na umwage maji, mbu wasizalie humo.

Kielekezo cha upepo kiwe cha shaba au stenlesi. Chuma cha rangi hubabuka na kugoma kuzunguka. Mkia uwe mpana kuliko kichwa, na kichwa kiwe na uzito wa kuusawazisha. Kikifungwa wima sawasawa, Januari kichwa huelekea kaskazini mashariki, kaskazi inakotoka. Julai hugeukia kusi.