Rangi Miguuni mwa Dadi

Kwetu Tanga mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Baba alipofariki mwaka 2009, mama aliingia chumbani, akaacha wanja, akaacha hina, hakufukiza udi wala hakugusa kanga ya kung'aa. Siku nilizihesabu mimi, kwa kalamu, kwenye kalenda ya ukutani. Ilipofika ya mwisho, wanawake wa mtaani walikuja mapema wakamwogesha, wakamfukiza, wakamvika doti mpya. Mama akatoka akaketi barazani, watu wakamwona. Nimeanza na haya kwa sababu bila hayo ningempita Dadi siku ile kama walivyompita wengine.

Ilikuwa Machi 2013, nasoma Delhi. Rafiki yangu wa bweni alinichukua kwao Mathura, kilomita 150 hivi kwa treni, nikaione Holi, sikukuu ya Kihindu ya kupakana rangi, mahali inapopendwa kuliko kwingine kote. Mathura ndiko Wahindu wanakoamini alizaliwa mungu wao Krishna, na watu wa huko huiona Holi kama sherehe ya mtoto wa nyumbani. Njia nzima rafiki yangu alinisimulia habari za Barsana, kijiji jirani cha Radha, mpenzi wa Krishna, ambako siku chache kabla ya Holi wanawake huwacharaza kwa fimbo wanaume waliotoka kijiji cha Nandgaon, na wanaume hujikinga kwa ngao, wote wakicheka. Mimi Tanga niliwajua Mabaniani wa dukani tu. Sikukuu zao niliziona kwa nje, taa za Diwali zikiwaka kwenye roshani zao, basi.

Holi huja mbalamwezi ikiwa kamili katika Phalgun, mwezi wa kalenda ya Kihindu, baridi ikiondoka na ngano ikikaribia kuvunwa. Tulifika jioni ya tarehe 26. Njiapanda palikuwa pamerundikwa magogo, matawi, na mikate ya samadi ya ng'ombe iliyokaushwa juani. Moto ulipowashwa, watu waliuzunguka wakibabua mashuke mabichi ya ngano na shayiri. Moshi ule ulinikaba kifua, nikapanda darini, na huko ndiko nilikomkuta bibi yake rafiki yangu, mama mzazi wa baba yake. Nyumba nzima ilimwita Dadi, nami nikamwita hivyo. Amevaa sari nyeupe isiyo hata na ukingo wa rangi. Mikononi hana bangili, kwenye paji la uso hana kitone. Alikuwa akiutazama moto kutoka juu.

Kihindi changu kilikuwa cha sokoni, lakini maneno mengi tulikuwa nayo pamoja: rang ni rangi, dukan ni duka, baraf ni barafu. Dadi alinisimulia polepole, nusu kwa mikono. Mfalme Hiranyakashipu alipewa ahadi kwamba hatauawa na mtu wala mnyama, mchana wala usiku, ndani wala nje. Akataka aabudiwe yeye. Mwanawe Prahlad akakataa, akabaki na mungu wake Vishnu. Holika, dada yake mfalme, hakuwa akiungua kwa moto, basi akampakata mtoto akaketi naye motoni. Mtoto akatoka mzima, Holika akateketea. Vishnu naye akaja nusu mtu nusu simba, wakati wa magharibi, akamuulia mfalme kizingitini kwa kucha zake. Hapo kwenye kizingiti Dadi alipiga goti lake kwa kiganja, nikashtuka, akacheka.

Kisha akanishika mkono, akaugeuza chini ya mwanga wa mwezi. Delhi nilikuwa nimechoka kutazamwa ngozi, nikajikaza. Dadi akasema, "Shyam." Mweusi. Ni jina mojawapo la Krishna, na Krishna ni hivyo hivyo, mweusi. Alimlalamikia mama yake Yashoda: mbona Radha ni mweupe na mimi niko hivi? Mama akamwambia, nenda kampake rangi uitakayo. Ndipo watu wakaanza kupakana. Dadi aliusema weusi ule kama mtu anayetaja uzuri wa mjukuu wake, na mkono wangu hakuuachia upesi.

Kabla hatujashuka alifungua kisanduku chake akatoa ukurasa wa gazeti. Wiki ile ile magazeti yalikuwa yameandika habari za Vrindavan, mji wa pili tu kutoka pale, ambako wajane kwa maelfu, wengi wao kutoka Bengal, huishi kwenye hifadhi na kuimba nyimbo za dini ili wapate chakula. Mwaka huo shirika la Sulabh International la Bindeshwar Pathak, linalojulikana kwa vyoo vya umma, liliwafanyia wajane hao Holi. Mjane kwa mila hachezi rangi. Kwenye picha walikuwa wakirushiana petali na unga wa rangi, sari nyeupe zimeshageuka. Dadi hakujua kusoma. Aliupitisha ukurasa karibu na macho, uso mmoja baada ya mwingine, akaweka kidole kwenye mmoja. "Huyu ni mkubwa kuliko mimi," akasema. Akaukunja.

Nilimuuliza rafiki yangu usiku huo babu yake alikufa lini. Akasema hakumuona, baba yake mwenyewe alikuwa bado mtoto mdogo.

Asubuhi tulipakana mafuta ya haradali nywele hadi unyayo ili rangi isishike. Tangu usiku walikuwa wamechemsha maua ya tesu, maji yamekuwa ya chungwa. Watoto walituvizia na mabomba yao, mitaa yote ikilia "Bura na mano, Holi hai", usikasirike, ni Holi. Kulikuwa na thandai, maziwa yenye lozi na viungo, na sufuria ya pili iliyotiwa bhang, ambayo ndiyo bangi yetu kwa jina na kwa kitu. Rafiki yangu alinivuta mbali nayo. Nilicheza mpaka meno yakawa ya kijani. Sijawahi kufurahi vile mahali nisikozaliwa.

Halafu nikaona vijana wakiinama mbele ya wazee, wanachota gulal, ule unga laini wa rangi, wanawapaka miguuni, na wazee wanawabariki. Mzee wa jirani miguu yake ilikuwa myekundu kama ya bi harusi aliyetoka kutiwa hina. Nikachota gulal ya waridi, nikapanda darini.

Dadi alikuwa amekaa peke yake kando ya sinia la gujiya, maandazi ya kujazwa maziwa mazito na lozi aliyoyakaanga siku mbili mfululizo. Nilichuchumaa. "Dadi, rang?" Alitazama ngazi. Kelele za chini zilikuwa zikipanda na kushuka. Akanyoosha mguu mmoja, kisha wa pili. Visigino vilikuwa vimepasuka, vya mwanamke aliyesimama jikoni maisha yake yote. Nilimpaka juu ya vidole. Akavitazama muda mrefu, nikaogopa nimekosea. Akasema, "Aur." Zaidi. Nikampaka hadi vifundoni.

Tukasikia mtu anapanda ngazi. Dadi aliishusha sari ikafika sakafuni. Ndugu mmoja wa ukoo alichukua gujiya, akautazama mkono wangu, akaitazama sari nyeupe, akashuka. Dadi akachovya kidole kwenye kiganja changu, akanitia kitone kwenye paji la uso.

Kesho yake alfajiri nilimkuta bombani akinawa uso na mikono. Miguu hakuisugua. Waridi ilikuwa bado imejaa kwenye mipasuko ya visigino.

Nikiwa ndani ya treni nilimpigia mama. "Shikamoo mama." Nikamsimulia yote.

"Huyo bibi," akauliza, "eda yake inaisha lini?"

Nikamwambia haiishi. Akanyamaza hadi nikadhani simu imekatika.

"Ulimpaka rangi gani, mwanangu?"

"Waridi, mama."