Herufi ya Tano

Tabata, Jumapili usiku

Leo nimelala mchana kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na moja, na ninaandika haya kabla mpangilio wake haujanitoka kichwani, kwa sababu kosa hili ningependa lisimpate mtu mwingine anayeandika draiva (programu inayoendesha kifaa) ya poti ya seriali, yaani mlango wa kompyuta unaopitisha data biti moja baada ya nyingine.

Kazi yenyewe haina maelezo mengi. Katika ghala moja la nafaka huko Vingunguti ipo mizani ya jukwaa ambayo juu yake husukumwa mizigo ya magunia. Karani anapobonyeza kitufe, bodi ndogo ya kompyuta hutuma herufi tatu za kuomba uzito, na mizani hujibu kwa herufi nane: alama ya kujumlisha, tarakimu sita za kilo, kisha alama ya kufunga mstari. Mawasiliano hupita kwenye waya mmoja wa seriali kwa kasi ya biti 9,600 (sifuri au moja) kwa sekunde, na chipu inayoyapokea ni ya ukoo wa 16550, aina ya chipu za mawasiliano ya seriali. Draiva niliiandika mimi.

Karani alinipigia simu asubuhi moja nikiwa bado njiani, maeneo ya Buguruni. "Kaka, huu mzigo nimeupima mwenyewe, ni kilo elfu moja mia mbili arobaini na nane, lakini kompyuta imeandika mia moja arobaini na nane." Nilimwuliza kama alisubiri mizani itulie kabla ya kubonyeza, naye akanijibu kwa upole kwamba kazi hiyo anaifanya kwa mwaka wa tisa. Swali lile linaniuma mpaka sasa.

Siku za kwanza nilizimalizia kwenye waya. Ulipita karibu na mota ya mashine ya kupakia, kwa hiyo nikauhamisha, kisha nikaweka waya wenye kinga, kisha nikakagua waya wa ardhini. Uzito uliendelea kupungua mara chache, bila ratiba, wakati mwingine mara moja kwa siku nzima. Nikaigeukia mizani, na karani akanionyesha muhuri wa Wakala wa Vipimo, akapanga mawe ya kupimia juu ya jukwaa, na kioo cha mizani kikasoma sawasawa kila mara. Nikapiga upya hesabu ya kasi: saa ya chipu ni megahezi 1.8432, ukiigawa kwa 16 kisha kwa 12 unapata 9,600 kamili, haizidi wala haipungui.

Siku ya sita niliazima oskiloskopu, kifaa kinachochora mabadiliko ya volti kwenye kioo, na kuishika kwenye pini ya chipu yenyewe, baada ya kibadilisha volti, nikakaa chini sakafuni kwenye vumbi la pumba nikisubiri mzigo upimwe vibaya. Ulipimwa vibaya saa tisa alasiri. Tarakimu 2, iliyokuwa imepotea kwenye kompyuta, ilikuwepo kwenye kioo, nzima kabisa. Msimbo wa herufi hiyo kwa mfumo wa jozi ni 00110010, na kwa kuwa kwenye waya biti ndogo ndiyo hutangulia, nilihesabu kwa kidole: shuko la kuanzia, kisha sifuri, moja, sifuri, sifuri, moja, moja, sifuri, sifuri, kisha pando la kumalizia, kila biti ikiwa na upana wa mikrosekunde 104. Mizani ilikuwa imesema kweli, na waya ulikuwa umeifikisha kweli hiyo mpaka mlangoni mwa chipu. Mhalifu alikuwa ndani, upande wangu.

Usiku ule nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza: nilifungua kumbukumbu ya majibu yaliyokataliwa, yaani yale ambayo programu iliyaona si sahihi ikaomba upya, ambayo sikuwahi kuyajali kwa kuwa hayakumdhuru mtu. Yote yalikosa alama ya kujumlisha, herufi ya kwanza. Na vipimo vyote vilivyopungua, nilipovilinganisha na hati za karani, vilikosa herufi ya tano. Haikupotea ya pili hata mara moja, wala ya tatu, wala ya saba. Mtikisiko wa umeme hauchagui namba.

Chipu hii ina foleni ya kupokelea yenye nafasi 16, na mimi nilikuwa nimeipanga iite intarapti, yaani ishara ya kuiita draiva ije, kila baiti nne zinapojaa; kila herufi ni baiti moja. Basi herufi nne za mwanzo hukaa zikisubiri, draiva inazichukua kwa pamoja, kisha nne za mwisho nazo hukusanyika vivyo hivyo. Wakati wa kukusanyika huko, aliye mbele ya foleni ni wa kwanza au ni wa tano. Kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa akija kwenye foleni ile bila kuitwa na kumchukua aliye mbele.

Mtu huyo nilimtuma mimi. Siku ya kufunga bodi niliongeza kipande kidogo cha programu ambacho kila sekunde kilizisoma rejista (vijisanduku vya data na amri) zote nane za chipu, kuanzia anwani ya 0 hadi ya 7, na kuziandika kwenye kumbukumbu, ili siku tatizo likitokea niwe na picha ya hali ilivyokuwa. Nilikiandika kwa uangalifu, hata intarapti nikazizuia kwanza ili picha isivurugike. Lakini anwani ya 0, ukiisoma, haikuonyeshi baiti iliyofika. Inakukabidhi, na foleni inasogea. Baiti niliyokabidhiwa niliiandika kwenye kumbukumbu kama namba tu, na hapo ikaishia. Tarakimu 2 ya ule mzigo nimeikuta huko jana usiku, msimbo wake 32 kwa mfumo wa kumi na sita, katika sekunde ileile.

Nimefikiri sana kuhusu umbo la chipu hii. Mzazi wake, 8250, aliwekwa kwenye kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, na alipewa anwani nane tu, ilhali mambo ya kuhifadhi yalizidi nane. Kwa hiyo anwani moja hubeba kazi kadhaa. Anwani ya 0 ukiisoma unapokea, ukiiandika unatuma, na ukiwasha biti ya juu kabisa ya anwani ya 3 inageuka kuwa nusu ya kigawanyo cha kasi, ile namba ya kugawa saa ya chipu. Anwani ya 2 ukiisoma inakutajia sababu ya intarapti, na ukiiandika unaamuru foleni. Haya yote nilikuwa nikiyajua. Nilichokuwa sijakizingatia ni kwamba kusoma nako ni kutenda, na kwamba zipo rejista ambazo kuzitazama tu ni kuzibadilisha.

Hapo likajieleza na jambo la pili. Siku ya nne, kwa haraka ya kupata ushahidi zaidi, niliongeza picha zikawa kumi kwa sekunde, na mara draiva ikaganda: haikutuma ombi lolote mpaka nilipoiwasha upya. Chipu inapomaliza kutuma huita intarapti, na intarapti hiyo hufutika pale anwani ya 2 inaposomwa na kuitaja kuwa ndiyo sababu. Kipande changu kiliisoma kabla ya draiva. Draiva ilipofika ikakuta biti ya chini kabisa ni 1, maana yake hakuna jambo, ikarudi, na ikaendelea kuamini kwamba ombi la mwisho bado linatumwa. Hata ile sifuri niliyokuwa nikiitegemea, hesabu ya makosa ya kupokea, haikuwa ushahidi wa chochote, kwa sababu biti za makosa kwenye anwani ya 5 nazo hufutika zikisomwa, na huenda niliyezifuta ni mimi.

Sasa kipande hicho hakiigusi chipu. Draiva yenyewe, inapozisoma rejista kwa kazi yake, huacha nakala kwenye kumbukumbu, na picha hupigwa kutoka kwenye nakala hizo. Jibu lisilo na herufi nane kamili hukataliwa. Tangu Alhamisi hakuna kipimo kilichopungua wala jibu lililokataliwa.

Jana nilikwenda ghalani na kumwomba radhi karani. Alivuta kiti, akafungua daftari lake la mkono, nami nikafungua kumbukumbu za kompyuta, tukapitia mzigo mmoja baada ya mwingine, yeye akisoma na mimi nikilinganisha, mpaka taa za uani zikawashwa. Tulipata vipimo tisa vilivyopungua. Vinne ni vya wakulima waliokwisha kulipwa, na namba zao za simu zimo kwenye hati. Kesho asubuhi tutaanza kuwapigia.