Gambuti Kwenye Shimo la Tatu

Soli ya kiatu changu cha gofu cha kulia ilibanduka kwenye shimo la tatu. Ilimeguka kama mkate uliokauka, ikabaki matopeni na meno yake ya plastiki, nami nikabaki nimesimama kwa soksi. Viatu vilikuwa vimelala sandukuni miaka tisa. Kwa macho vilikuwa vizima, ngozi inang'aa. Lakini ile sponji iliyo kati ya soli na ngozi hunyonya unyevu wa hewani na kuoza kimyakimya hata kiatu kisipovaliwa, na huku Kericho, Kenya, unyevu hauna likizo. Ningeibonyeza kwa kidole gumba kabla ya kutoka nyumbani ningejua. Ikibaki na alama au ikitoa unga, imekwisha.

Ilikuwa Mei 2019. Kiwanja cha mashimo tisa, chai pande zote, kama mita 2,000 juu ya bahari. Huku asubuhi huwa kweupe, kisha upepo wa Ziwa Victoria unapanda na mawingu yake, na alasiri mvua inashuka, mara nyingi ya mawe. Kampuni za chai ziliwahi hata kurusha maroketi mawinguni kujaribu kuizuia. Mwenye akili huanza saa moja asubuhi. Mimi, kwa sababu ya matatu iliyokawia kujaza abiria, nilianza saa sita na nusu.

"Mzee, hicho ni cha kutupa," kedi, mbeba fimbo wangu, aliniambia. Akaenda kwenye kibanda cha wakata nyasi, akarudi na gambuti namba kumi. Mimi navaa nane. Nilivaa soksi mbili mbili.

Mishikio ya fimbo, angalau, nilikuwa nimeishughulikia wiki moja kabla. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani, kisha kukausha kivulini. Minne ilibaki migumu na yenye kung'aa, na mshikio wa namna hiyo mpira wake umekufa, hautafufuliwa na sabuni. Nilikata ya zamani kwa kisu, ncha ikielekea mbali nami, nikabandika tepu yenye gundi pande mbili, nikaziba tundu la juu la mshikio mpya kwa kidole na kumimina petroli kidogo ndani, nikaimwagia tepu petroli hiyo hiyo, kisha nikasukuma mara moja. Hapo usisite. Petroli hukauka upesi, na ukipumua katikati gundi inakamata mshikio ukiwa nusu ya safari, na kazi ni kukata tena. Mambo haya hufanyiwa nje, mbali na jiko.

Kosa langu lilikuwa glovu. Nilibeba moja, ya ngozi, na ngozi ikilowa inateleza kama sabuni. Zinatakiwa tatu, kila moja kwenye mfuko wake, zikipokezana. Kedi alikuwa na taulo mbili: chafu ilining'inia begini, safi alikuwa ameifunga juu, ndani ya mwavuli, kwenye zile mbavu za chuma. Kabla ya kila pigo ile safi ilipita mkononi na kwenye mshikio, ile chafu ikapita kwenye uso wa fimbo. Maji yakikaa kati ya uso wa fimbo na mpira, mzunguko wa nyuma unaousimamisha mpira unapotea, na mpira uliotarajia usimame kwenye grini, zile nyasi fupi zenye shimo, unapitiliza hadi upande wa pili.

Kwenye shimo la pili, kabla ya kiatu kufa, nilikuwa nimeupiga mpira kwa hasira dhidi ya upepo. Ulipanda, ukasita angani, ukaanguka kama embe bovu. Ndivyo ilivyo: ukiongeza nguvu unaongeza mzunguko wa nyuma, na mzunguko huo ndio unaoupandisha mpira juu upeponi. Nilikuwa nikilijua hilo tangu ujana, na bado nililirudia.

Kwenye shimo la nne gambuti ziliamua badala yangu. Hazina meno, na ukizungusha kiuno kwa pupa unakalia majani. Zilikuwa zimebaki mita 130. Nilinyoosha mkono kwenye fimbo namba saba.

"Chukua tano, Mzee. Piga nusu."

Nikashusha mikono vidole viwili kwenye mshikio, mpira nikauweka nyuma kidogo ya katikati ya miguu, uzito mguu wa kushoto, na mikono ikaishia kifuani. Mpira ulikwenda chini chini, ukatua, ukakaa palepale. Ardhi iliyolowa haikupi hata hatua mbili za kubiringika, kwa hiyo piga hadi kwenye bendera. Na uguse mpira kabla ya ardhi: majani ya kikuyu yaliyolowa hukamata shingo ya fimbo na kuigeuza, na ukichota nyuma ya mpira unapata udongo mwingi na mita kumi.

La sita, mpira ulilala kwenye dimbwi la mvua. Hapo hakuna adhabu: unatafuta mahali pa karibu zaidi ambapo maji hayakusumbui, pasipo karibu na shimo zaidi, unapima urefu wa fimbo moja, unadondosha. Nilinyoosha mkono usawa wa bega. Kedi akakohoa.

"Goti, Mzee. Sheria mpya, tangu Januari."

Nilidondosha upya usawa wa goti. Ukirekebisha kabla ya kupiga hudaiwi kitu. Muda wa kutafuta mpira nao, akaniambia, sasa ni dakika tatu, si tano.

Radi ilipiga tukiwa la nane. Sheria inakuruhusu kuacha mwenyewe bila kungoja king'ora, na hatukungoja. Tulikunja mwavuli, tukaipita mikaratusi kwa mbali.

Kibandani nilizimimina gambuti. Ya kushoto ilitoa maji ya kujaza kikombe na jani moja la chai. Mwenye gambuti alikuwa amekaa juu ya debe, miguu mitupu, akisubiri kwenda kufungua mitaro.